Matini Isiyotulia: Bob Dylan na Hadhira Imfuatayo

Suala la matini katika fasihi simulizi limewashughulisha wahakiki kwa muda mrefu. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alionyesha kuwa kwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia utungaji na utendaji ni tukio moja. Naye Ruth Finnegan, katika Oral Literature in Africa (1970), alisisitiza kuwa kazi simulizi haiwezi kueleweka barabara pasipo fanani, hadhira na muktadha. Tungo za Bob Dylan huonekana kuwa nje ya mjadala huu, kwa kuwa zimeandikwa, zimechapishwa na kurekodiwa. Makala haya yanadai kinyume: kwamba matini zake hutimia jukwaani, na kwamba shabiki anayemfuata mji hadi mji anatekeleza kazi ya kihakiki ambayo msomaji wa kitabu hawezi kuitekeleza.

Uhakiki wa Dylan umepitia njia mbili. Christopher Ricks, katika Dylan's Visions of Sin (2003), anazichambua tungo hizi kwa makini yaleyale anayowatolea washairi wakongwe wa Kiingereza, akizingatia hasa vina, mizani na uteuzi wa maneno. Kabla yake, Betsy Bowden (1982) na Paul Williams (1990) walikwisha kushikilia kuwa kitu cha kuchambuliwa ni utendaji. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2016 iliuchochea upya mgogoro huu, na Dylan mwenyewe, katika mhadhara wake wa 2017, alitofautisha nyimbo na fasihi ya kusomwa: nyimbo, kwa maoni yake, zimekusudiwa kuimbwa.

Ubora wa njia ya pili unadhihirika katika wimbo "Tangled Up in Blue". Uliporekodiwa New York mnamo Septemba 1974, sehemu ya simulizi ilikuwa katika nafsi ya tatu. Katika toleo la Minneapolis la Desemba mwaka huohuo, lililotoka kwenye Blood on the Tracks (1975), nafsi ya kwanza ilitawala. Mwaka 1984, kama inavyosikika katika Real Live, nafsi ya tatu ilirejea na beti nyingi zikatungwa upya. Msomaji wa Kiswahili, ambaye katika lugha yake kiambishi kimoja cha kitenzi hutosha kumtenga asemaye na asemwaye, hana budi kuuona uzito wa badiliko hili. Toleo la 1975 ni ungamo la mtu anayeyatazama maisha yake mwenyewe; lile la 1984 lamtazama mtu huyo kwa mbali, kana kwamba yaliyompata ni ya mwingine. Mhakiki atakayeteua moja na kuliita sahihi atakuwa ameuficha mvutano ambao ndio kiini cha utungo.

Badiliko la maneno hudhihirika hata katika maandishi. Mabadiliko mengine hayana shahidi ila sikio. Tangu Juni 1988, ziara zilizoanzia Concord, California, ziliendelea mwaka baada ya mwaka, na katika miaka ya 1990 orodha ya nyimbo ilibadilika mno kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Wafuasi wengi walisafiri wakitaraji wimbo adimu. Katika ziara ya Rough and Rowdy Ways, iliyoanza Milwaukee mnamo Novemba 2021 Dylan akiwa na umri wa miaka 80, orodha ilikaribia kuwa ileile kila usiku, sehemu kubwa ikitoka katika albamu ya 2020. Ingetarajiwa kwamba kumfuata kungepoteza maana. Matokeo yake ni kinyume, kwani orodha ilipotulia, tofauti za ndani zilijitokeza: kasi, kituo kabla ya neno, mahali piano ilipomtangulia mwimbaji au kumchelewesha. Aliyehudhuria usiku mmoja alisikia sauti kongwe iliyokwaruza. Aliyehudhuria kadhaa aliweza kupambanua lipi ni udhaifu wa umri na lipi ni uamuzi wa kisanaa. Upambanuzi huo ndio uhakiki.

Pingamizi lipo, nalo ni zito. Hadhira ya fasihi simulizi ni jamii yenye lugha, historia na maslahi ya pamoja, ilhali hadhira ya ziara hununua tikiti, na kumfuata msanii miji mitano ni fursa ya wenye nacho. Tofauti hii isifunikwe. Hata hivyo, yafaa kukumbuka hatima ya mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Sehemu kubwa yake ilihifadhiwa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Kumbukumbu ya wasikilizaji ndiyo iliyokuwa maktaba. Katika ziara hii ya karibuni simu za wahudhuriaji zilifungiwa katika vifuko, na msikilizaji akarudishiwa, japo kwa amri, wajibu huo wa kale. Anayekwenda na kumbukumbu ya usiku uliotangulia huweza kulinganisha. Mgeni wa usiku mmoja hupokea tu. Hatari iliyopo ni mfuasi kugeuka mhesabu wa nyimbo, mwenye tarehe nyingi na hukumu chache.

Suala hili linagusa moja kwa moja ufundishaji wa fasihi simulizi vyuoni. Mwanafunzi hutumwa nyanjani, hurekodi utendaji mmoja wa fanani mmoja, kisha hurejea na unukuzi ambao unatahiniwa kana kwamba ndio kazi yenyewe. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kumjulisha kama kituo alichokinukuu kilikuwa mbinu, uchovu au kikohozi. Panapowezekana, fanani huyohuyo afuatwe katika hafla kadhaa, na tofauti zilizojitokeza ziwe ndizo mada ya uchambuzi.