Namna Seva Zinavyopatanisha Saa Zao

Saa iliyomo ndani ya seva huhesabu mitetemo ya fuwele ndogo ya kwatsi, na kwa kuwa kasi ya mitetemo hiyo hubadilika kwa joto na kwa umri wa fuwele, saa iliyopotoka kwa sehemu 10 tu katika kila milioni huachana na wakati halisi kwa takriban sekunde 0.86 kwa siku. Hifadhidata inapogawanywa katika seva kadhaa, na kila badiliko likapigwa muhuri wa wakati, upotofu mdogo zaidi ya huo watosha kufanya rekodi ya zamani ionekane mpya na kuifuta iliyo sahihi.

Njia iliyoenea ya kuzuia hali hiyo ni NTP, itifaki, yaani kanuni za mawasiliano baina ya mashine, ambayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa na David Mills mwaka 1985, naye akaendelea kuiboresha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani. Seva iliyounganishwa na saa ya atomu au kipokezi cha setilaiti huwa ya ngazi ya 1, inayoiuliza huwa ya ngazi ya 2, na kuendelea.

Ugumu ni kwamba jibu la swali "saa ngapi?" huwa limekwisha kuchakaa njiani. NTP hutatua jambo hilo kwa nyakati nne. Tuseme seva inayouliza inatuma pakiti saa yake ikisoma milisekunde 0, mjibuji anaipokea saa yake ikisoma 70 na kujibu ikisoma 71, kisha jibu linafika saa ya muulizaji ikisoma 41. Safari nzima imechukua milisekunde 41, moja ikiwa ni ya mjibuji kujiandaa, hivyo zilizotumika njiani ni 40. Na wastani wa tofauti mbili, 70 za kwenda na 30 za kurudi, unaonyesha kwamba muulizaji yuko nyuma kwa milisekunde 50.

Hesabu hiyo, hata hivyo, hudhani kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Kama kwenda kungechukua milisekunde 35 na kurudi 5, jumla ingebaki 40 ileile, lakini jibu lingekuwa 65, yaani kosa la milisekunde 15 ambalo fomula haina namna ya kuliona. Ndiyo maana programu ya NTP huweka vipimo vinane vya karibuni na kupendelea kile chenye ucheleweshaji mdogo kuliko vyote, kwa sababu pakiti ambayo haikukaa foleni ndiyo isiyo na nafasi kubwa ya kudanganya.

Hata tofauti ikishajulikana, kwa kawaida saa hairudishwi nyuma ghafla, kwani programu zingeona sekunde zilezile mara mbili. Tofauti isiyozidi milisekunde 128 husahihishwa kwa kuharakisha au kupunguza mwendo wa saa, kwa kiwango kisichozidi sehemu 500 katika milioni, na kwa hiyo zile milisekunde 50 huhitaji angalau sekunde 100 kumalizika.

Lililobaki ni uaminifu wa wajibuji wenyewe. Muulizaji mwenye seva mbili zinazopingana hawezi kujua ipi imekosea. Busara ni kuwa na nne au zaidi, ili inayojitenga na wengi itupwe. Lakini wengi nao wanaweza kugawanyika bila yeyote kuharibika, kama inavyotokea inapoongezwa sekunde moja kwenye majira ya dunia: baadhi ya seva huiongeza mara moja, ilhali za Google huisambaza kidogo kidogo kwa saa 24, hivyo kwamba makundi hayo mawili hufikia kutofautiana kwa nusu sekunde. Mtandao unaochanganya aina zote mbili huzipa seva zake mashahidi wanaopingana, na kura ya wengi haiwezi kutoa hukumu iliyo thabiti.