Hesabu Mashamba, Usihesabu Mahindi

Ufipa kuna ukulima wa intumba: nyasi hufunikwa kwa udongo katika matuta ya mviringo, zikaoza humo, kisha tuta hutawanywa na kupandwa. Tuseme wakulima wa jirani na Sumbawanga wanataka kujua kama mahindi huzaa zaidi hapo kuliko kwenye sesa, yaani shamba lisilo na matuta. Wanachukua shamba moja la kila aina na kupima mahindi elfu moja. Elfu hiyo inadanganya. Mahindi ya shamba moja yamekula udongo mmoja na kupaliliwa na mikono ileile, kwa hiyo jaribio lina jozi moja tu ya ushahidi.

Mkoani Mwanza mtego huu ulikwepwa. Heiner Grosskurth na wenzake walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati kunapunguza maambukizi ya VVU. Walichukua jamii 12, wakazipanga katika jozi 6 za jamii zinazofanana, na katika kila jozi kura ikaamua ipi ianze kupata huduma iliyoboreshwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet: kwa miaka miwili waliambukizwa watu 48 kati ya 4,149 upande wenye huduma, na 82 kati ya 4,400 upande wa pili.

Nadharia tete ya sifuri ilisema huduma haibadilishi kitu. Kuipima kwa kuhesabu watu wote 8,549 kila mmoja peke yake kungekuwa kosa, kwani kura iligawa jamii, na watu wa jamii moja hushirikiana zahanati, na hata wapenzi. Ushahidi ulikuwa jozi 6. Katika zote, maambukizi yalikuwa machache upande wa huduma. Kama huduma haifai, kila jozi ni sarafu iliyorushwa; uwezekano wa zote 6 kuangukia upande mmoja, wowote ule, ni 2 kwa 64, yaani 0.031. Watafiti walitumia kipimo kinachotazama pia ukubwa wa tofauti, wakapata 0.007. Wanafunzi wengi husoma namba hiyo kama uwezekano kwamba huduma haifai. Sivyo: ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi iwapo huduma haifai.

 

Kwa hesabu hiyo ya sarafu, jozi 5 za mashamba zikikubaliana zote zinatoa 0.0625, na mpaka uliozoeleka wa 0.05 haujavukwa. Jozi 6 zinavuka, ila moja ikikaidi namba inapanda hadi 0.22. Mwenye kupanga jaribio la intumba na sesa atafute jozi 9: hapo hata moja ikikaidi, anabaki na 0.039.