Mganda Si Ngoma ya Asili: Istilahi za Muziki wa Kale na Msimu wa Ngoma Mwambao wa Ziwa Nyasa

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wetu ni yale yahusuyo muziki. Katika nchi za Ulaya viko vyama vya wenyeji ambavyo kila mwaka hupanga msimu wa maonyesho ya muziki uliotungwa, kwa kadiri, kabla ya mwaka 1750, na kuupiga kwa ala za namna ile ile iliyotumika wakati ulipotungwa. Huko Haslemere, Uingereza, Arnold Dolmetsch alianzisha tamasha la aina hiyo mwaka 1925. Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na habari kama hiyo huwa na maneno manne mkononi: muziki wa asili, wa jadi, wa kale na wa zamani. Ni rahisi kwake kuchukua la kwanza, kwa kuwa ndilo lililozoeleka zaidi masikioni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chaguo hilo ni kosa, na kwamba kosa hilo hilo, litendwapo juu ya ngoma zetu wenyewe, lina madhara makubwa zaidi.

Mfano tulioupendelea ni mganda, ngoma ya wanaume ichezwayo milimani Mbinga na katika mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, sambamba na kioda, ambayo ni ya wanawake. Tumeuchagua kwa sababu hakuna kitu katika nchi yetu kinachokaribia zaidi chama cha muziki chenye msimu wake. Kundi la mganda lina wanachama, viongozi wenye vyeo, sare na nidhamu. Mavuno yakiisha na kiangazi kikiingia, kijiji hukialika kijiji kingine, wageni hulishwa, na makundi hushindana mbele ya watu wanaojua kusikiliza. Basi mfasiri anayetafuta neno la Kiswahili kwa msimu wa maonyesho ya chama cha wenyeji hana haja ya kubuni. Mambo hayo yapo Liuli na Mbamba Bay, na yana majina.

Hebu sasa tuitazame historia yake. Katika miaka ya 1890 ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, ngoma iliyoitwa beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Wachezaji waliiga gwaride, sare na vyeo vya majeshi, wakatunga nyimbo za majigambo na mashindano. Beni iliingia Tanganyika, ambako pande zake mbili, Marini na Arinoti, zilipata umaarufu mkubwa. Vita vya 1914 hadi 1918 viliitawanya kwa njia ya askari na wapagazi, na baada ya vita watu waliokwenda kutafuta kazi wakaieneza zaidi. Ziwa Nyasa lenyewe liliiona vita hiyo mapema: tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu Sphinxhafen, mahali ambapo leo ni Liuli. Terence Ranger, katika kitabu chake juu ya beni kilichotoka mwaka 1975, ameuweka mganda katika ukoo huo, pamoja na ndugu yake malipenga wa upande wa Malawi. Naye A. M. Jones alikuwa amekwisha kuueleza mganda kitaalamu mwaka 1945.

Kwa hiyo mganda una umri, una wazazi, na una njia uliyopitia. Neno asili, kwa maana yake ya msingi, ni chanzo au chimbuko. Tukisema ngoma ya asili ya Wanyasa, tunadai kwamba chimbuko lake ni hapo hapo ziwani, na kwamba imekuwapo tangu na tangu. Madai yote mawili si kweli. Wanyasa waliipokea, wakaifinyanga upya kwa lugha yao, miondoko yao na ala zao, kisha wakaiachia watoto na wajukuu. Kitu kilichopokewa na kurithishwa namna hiyo Kiswahili hukiita cha jadi. Tofauti hii si ya kupasua unywele. Jadi huuliza nani alimrithisha nani. Asili huuliza kitu kimetoka wapi. Mganda hulijibu vizuri swali la kwanza, na jibu lake kwa swali la pili hutupeleka pwani na kambini.

Wasomaji na wapime wenyewe kwa kulinganisha. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na pamoja nao zikaja nyimbo za Kigregori, ambazo ni za kale kuliko muziki wote upigwao huko Haslemere. Hakuna aliyeziita ngoma za asili za Wazungu. Huitwa kwa jina lao, kwa lugha yao ya Kilatini na kwa kanuni zao za uimbaji. Padri Stephen Mbunga, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, aliupa muziki wetu heshima hiyo hiyo ya kuchunguzwa kwa kanuni. Kwa nini basi karatasi zetu za ratiba ziwape wageni historia, na wenyeji ziwape asili tu?

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mwamuzi aliyepewa fomu yenye maneno ngoma ya asili atatafuta kile anachodhani ni asili: ngozi, manyoya na majani. Akiona kaptura nyeupe, soksi ndefu na viatu vilivyopigwa rangi, atadhani kundi limechafuliwa na mambo ya kisasa, naye atapunguza alama. Kundi lililopoteza alama mara mbili, mara ya tatu litavua kaptura. Hapo tutakuwa tumeiharibu ngoma yenye miaka mia moja kwa jina la kuihifadhi, na chanzo chake ni neno moja lililoandikwa bila kufikiriwa.

Kosa la pili linahusu ala. Mganda hutumia ngoma kubwa, ambayo ndiyo iliyoupa mchezo mzima jina lake, kama vile neno ngoma lenyewe katika Kiswahili lilivyo jina la ala na la mchezo. Pamoja nayo wachezaji hushika vibuyu vilivyotobolewa na kuwambwa utando mwembamba wa buibui. Baadhi ya maelezo huviita tarumbeta za vibuyu na kusema kwamba hupulizwa. Maneno hayo yanapotosha. Tarumbeta hutoa sauti yake kwa pumzi na midomo ya mpigaji. Kibuyu hiki hakitoi sauti ya wimbo kisipoimbiwa. Mchezaji huimba ndani yake, na utando huitikisa sauti hiyo na kuifanya ivume. Vibuyu vikubwa huvuma kwa uzito, vidogo kwa wembamba, na hivyo kundi zima huwa kama kwaya iliyovaa sauti ya bendi. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kwamba kibuyu hupulizwa amewanyima jambo la kwanza la kulisikiliza, yaani ubora wa uimbaji. Tunapendekeza kiitwe kibuyu cha kuimbia, na kitenzi chake kiwe kuimbia.

La tatu ni vyeo. Beni na vizazi vyake vimehifadhi majina kama kingi na kapteni. Wako wafasiri wapendao usanifu ambao watashawishika kuandika mfalme na nahodha. Katika mwambao wenye mitumbwi na vyombo vya uvuvi, nahodha ni mtu wa majini, na msomaji atapotea. Kapteni wa mganda ni cheo cha mchezo kilichozaliwa na gwaride. Kukitafsiri ni kufuta alama ya mahali kilikotoka. Kadhalika jina lenyewe la mganda lahitaji uangalifu, kwani katika Kiswahili cha kawaida mganda ni mashuke yaliyofungwa pamoja baada ya kuvunwa, na likianza kwa herufi kubwa ni mtu wa Buganda. Kamusi zetu hazina budi kulipa kidahizo cha peke yake.

La nne si la neno moja, bali la namna ya kuuonyesha mganda. Katika mapokezi ya viongozi na sherehe za kitaifa, ngoma hupewa dakika chache kati ya hotuba na hotuba. Mganda hauwezi kufahamika hivyo. Uzuri wake umo katika kujenga polepole: safu zinajipanga, wimbo unaanzishwa, vibuyu vinaupokea, hatua zinalingana, na ndipo majigambo yanapoanza. Ukikatwa kabla ya hapo, mgeni rasmi huona gwaride la watu waliovaa sare na kuondoka akidhani ameuona mganda. Muziki wa Dolmetsch haukatwi katikati ili kupisha hotuba, na sisi hatuoni sababu ya kuuvunjia huu heshima hiyo.

Wako watakaosema kwamba neno asili limekwisha kuzoeleka maofisini, na kwamba kuliondoa kutavinyima vikundi misaada iliyotengwa kwa jina hilo. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini dawa yake ni kurekebisha fomu, si kuendelea kuwaandika watu uongo. Neno jadi linatosha kubeba haki zote alizopewa asili, tena bila kumdai mchezaji avue historia yake.

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo. Muziki wa kale litumike kwa muziki wa vipindi vilivyokwisha kupita, unaopigwa upya kwa kufuata namna za wakati wake. Ngoma ya jadi litumike kwa mganda, kioda na nyinginezo zilizorithishwa bila kukatika, na mwandishi aongeze, anapoweza, zilianza lini na zilipitia wapi. Ngoma ya asili libaki kwa pale tu chimbuko linapojulikana na linapotajwa. Onyesho liwe la mara moja, tamasha liwe la mkusanyiko wa maonyesho, na msimu uwe kipindi kizima. Tunawaomba maofisa utamaduni wa Mbinga na Nyasa, pamoja na walimu wa huko, watuletee majina ya ala, vyeo na miondoko kama yasemwavyo na wachezaji wenyewe, maana wenye istilahi hizo wako hai, nao ndio wa kuulizwa kwanza.