"Mwenyeji" wa Kiwavi ni Nani? Tahakiki ya Istilahi Moja

Mswada mmoja wa kufundishia, uliotafsiriwa mjini Babati kwa ajili ya walimu wa sayansi, umetupa nafasi ya kulitazama upya neno mwenyeji katika elimu ya viumbe. Kiswahili cha mfasiri ni safi, na majina ya wadudu yamechaguliwa kwa uangalifu. Kasoro tuliyoiona ni moja, lakini ni nzito: mmea unaoliwa na kiwavi umeitwa mwenyeji, mti wanamokaa sisimizi umeitwa mwenyeji, na sisimizi wanaoishi pamoja na kiwavi nao wameitwa wenyeji.

Mfano uliotumiwa si wa mbali. Katika mbuga za udongo mweusi, zikiwamo za Tarangire, huota mgunga mfupi uitwao kitaalamu Vachellia drepanolobium. Baadhi ya miiba yake huvimba ikawa manundu yenye uwazi ndani, na upepo upitapo kwenye matundu yake husikika mluzi. Mti huwapa sisimizi makazi hayo pamoja na mbochi. Sisimizi nao huwashambulia wanyama wanaokuja kula majani. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulieleza kwamba kipepeo Anthene usamba hutaga mayai kwenye migunga inayokaliwa na sisimizi Crematogaster mimosae, na viwavi wake hujihifadhi ndani ya manundu yaleyale.

Wahenga walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa Mswahili, mwenyeji hukaribisha, na ujio wa mgeni humletea heri. Maana hiyo yaufaa mgunga mbele ya sisimizi walinzi. Haiufai mmea unaotafunwa majani, kwani huo haukukaribisha wala haukupona. Wapo wanaopendekeza kiwavi aitwe kupe. Neno hilo nalo lina mzigo wake: tangu enzi za Azimio la Arusha la mwaka 1967 limezoeleka kama shutuma kwa mnyonyaji, na mwanafunzi atahukumu kabla ya kuchunguza.

Yafaa pia ieleweke kwamba uhusiano wenyewe hubadilika. Huko Laikipia, Kenya, wataalamu walieleza mwaka 2008 kwamba migunga iliyozungushiwa uzio kwa miaka kumi, bila kufikiwa na wanyama wakubwa, ilipunguza mbochi na manundu. Sisimizi walinzi wakapungua, wakaongezeka wengine wasioulinda mti, na mbawakawa wanaotoboa mashina wakazidi kuushambulia. Afisa aliyesoma kwamba mti ni "mwenyeji" tu hawezi kutambua kwamba uzio uliokusudiwa kuusitiri mti waweza kuuvunjia ulinzi wake.

Kwa maoni yetu, mfasiri aanze na kitenzi kabla ya jina: nani analisha, nani anakaa, nani analinda? Mmea unaoliwa na uitwe mmea-lishi, unaokaliwa, mti-makazi, sisimizi wanaoutetea, walinzi. Ufaano litumike pale tu ambapo pande zote mbili zimethibitika kunufaika. Mwenyeji libaki kwa matini ambayo yenyewe haikubainisha uhusiano.

Mti mmoja waweza kustahili majina mawili kwa wakati mmoja. Hilo si dosari ya istilahi, bali ndiyo hali halisi ya mambo, na mwalimu hana budi kuifundisha ilivyo.