Picha na Ushahidi: Watafiti wa Ridhaa na Mauaji ya Rais Kennedy

Rais John F. Kennedy wa Marekani aliuawa kwa risasi mjini Dallas, katika jimbo la Texas, tarehe 22 Novemba 1963, saa sita na nusu mchana. Mauaji hayo yalifanyika mbele ya watu wengi, na baadhi yao walikuwa na kamera mikononi, maana walikuja kumtazama Rais akipita na msafara wake. Kwa hiyo tukio hilo liliacha nyuma yake picha nyingi, na picha hizo nazo zimezaa maandishi ya namna ya peke yake: vitabu na makala vya watu ambao si askari wa upelelezi, wala si mabingwa wa sheria, wala hawalipwi na mtu, lakini kwa zaidi ya miaka 60 wamezipima picha hizo, wakazikuza, wakazilinganisha, na wakagombana juu yake. Hao ndio watafiti wa ridhaa. Makusudi ya makala haya si kuamua nani alimwua Kennedy, bali ni kuyapima maandishi hayo, na hasa kutazama jinsi waandishi wake wanavyotoka katika picha na kufika katika hukumu.

Yafaa kuanza na haki yao, kwa sababu mara nyingi wamedhihakiwa bila kusomwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren ilitoa taarifa yake mwezi Septemba 1964, kitabu cha kurasa 888, ikasema kwamba Lee Harvey Oswald alimwua Rais peke yake. Miezi miwili baadaye vilitoka vitabu 26 vya ushahidi, navyo havikuwa na faharasa ya mada ya kumwongoza msomaji. Kazi hiyo aliifanya Sylvia Meagher, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika Shirika la Afya Duniani mjini New York. Faharasa yake ilitoka mwaka 1966. Harold Weisberg, aliyekuwa mfugaji wa kuku katika jimbo la Maryland, alitoa kitabu chake Whitewash mwaka 1965, kisha akaishtaki serikali mara kwa mara apate kuona karatasi zilizofichwa. Mashtaka yake yalikuwa sababu mojawapo ya kurekebishwa kwa sheria ya uhuru wa habari mwaka 1974. Watafiti wa ridhaa ndio pia waliotambua kwamba katika kitabu cha 18 cha Tume picha mbili za filamu, ya 314 na ya 315, zimepigwa chapa kinyume cha mfuatano wake, hata kichwa cha Rais kikaonekana kwenda upande usiokuwa wake. Mwaka 1965 J. Edgar Hoover, mkuu wa shirika la upelelezi la FBI, alikiri kwamba ni kosa la wapiga chapa. Anayewaita watu hawa wapuuzi wote pamoja hajui wanachodaiwa na taifa lao.

Filamu hiyo ndiyo mama wa mabishano yote. Aliipiga Abraham Zapruder, mshonaji na mfanya biashara wa nguo za kike, akiwa amesimama juu ya kizingiti cha zege kando ya barabara. Ina picha 486, nazo hupita kwa muda wa nusu dakika hivi, chini yake kidogo. Gazeti la Life liliinunua kwa dola 150,000, likachapisha baadhi ya picha zake, lakini filamu yenyewe likaifungia. Watu wa Marekani hawakuiona ikitembea katika televisheni ya nchi nzima mpaka tarehe 6 Machi 1975. Katika picha ya 313 risasi inapasua kichwa cha Rais, na mara baada yake mwili unakwenda nyuma na upande wa kushoto. Kwa mtazamaji wa kawaida jambo hilo lamaliza maneno: aliyesukumwa nyuma amepigwa kutoka mbele, na Oswald alikuwa nyuma. Lakini mwaka 1976 Luis Alvarez, mtaalamu wa fizikia aliyepata tuzo ya Nobel, aliandika kwamba kitu kilichopigwa risasi chaweza kurudi kule risasi ilikotoka, kwa nguvu ya vitu vinavyoruka mbele yake, akaonyesha hivyo kwa kupiga matikiti risasi. Wengine hawakukubali. Filamu ni ile ile, macho ni yale yale, na hukumu ni mbili.

Hapa lugha ya Kiswahili yaweza kumsaidia mtu kufikiri. Mswahili husema "naona" anapotazama kitu kwa macho, na husema "naona" vile vile anapotoa rai: "naona mvua yaja", "naona umekosa". Msikilizaji hutenga maana hizo mbili kwa mazingira ya maneno, naye hakosei mara nyingi. Kosa kubwa la maandishi haya ni kutozitenga. Mwandishi huanza kwa "naona" ya macho, kama vile: pana doa jeupe juu ya ukuta. Akisha kugeuza ukurasa anasema "naona" ya rai: doa hilo ni uso wa mtu. Na katika ukurasa wa tatu rai imekwisha kuwa shahidi, na shahidi huyo anaitwa kumhukumu mtu. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika vitabu hivi karibu kila picha ina mshale na duara, na chini yake maelezo yanayomwambia msomaji alichopaswa kukiona. Ukiondoa mshale na maelezo, mara nyingi kilichoonekana nacho huondoka.

Kosa hilo lina namna tatu, na kila moja ina mfano wake.

Namna ya kwanza ni kumpa jina mtu aliyemo katika picha. James Altgens, mpiga picha wa shirika la habari la Associated Press, alipiga picha ya msafara wakati risasi zikilia, na nyuma yake waonekana mlango wa ghala la vitabu ambamo Oswald alikuwa akifanya kazi. Mlangoni amesimama mtu anayefanana na Oswald. Kama ndiye, basi hakuwa katika dirisha la ghorofa ya sita. Mfanyakazi mwenziwe aliiambia Tume mwaka 1964 kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe, na Kamati Maalum ya Baraza la Wawakilishi ilikubali hivyo mwaka 1979. Hata hivyo miaka mingi baadaye walikuwapo waliobishana juu ya mistari ya shati lake. Mtu mwingine alionekana amefungua mwavuli siku ya jua, karibu na mahali Rais alipopigwa. Wako walioandika kwamba mwavuli ulikuwa ishara kwa wauaji, na wako walioandika kwamba ulikuwa silaha. Mwaka 1978 mwenye mwavuli alifika mbele ya Kamati akaeleza kwamba alitaka kumkera Rais kwa ajili ya baba yake, ambaye alipokuwa balozi mjini London aliunga mkono siasa ya Neville Chamberlain, waziri mkuu aliyejulikana kwa mwavuli wake. Maelezo hayo ni ya ajabu, lakini maisha yamejaa mambo ya ajabu yasiyo ya hatia. Kadhalika wazururaji watatu waliokamatwa karibu na reli siku ile walifananishwa na watu waliokuja kujulikana katika kesi ya Watergate, mpaka kumbukumbu za polisi wa Dallas zilizojulikana mwaka 1992 zilipotaja majina yao, nao wakawa wazururaji tu. Katika mambo haya kilicho hatarini si hoja peke yake. Mtu wa kawaida aliyekuja kutazama msafara, au aliyetoka nje ya kazi yake, ameishi miaka mingi akiitwa mwuaji au msaidizi wa wauaji na watu wasiompata kumwona.

Namna ya pili ni kuikuza picha kupita uwezo wake. Mwanamke mmoja aliyesimama upande wa pili wa barabara alipiga picha kwa kamera ya Polaroid karibu sana na wakati wa risasi iliyoua. Nyuma ya gari, juu ya kilima kidogo chenye nyasi, pana ukuta, miti na kivuli. Katika miaka ya 1980 Gary Mack na Jack White walikikuza kipande kidogo mno cha picha hiyo, wakasema wameona mtu mwenye nguo za polisi, nishani kifuani, na mwako wa bunduki usoni pake. Lakini picha ina kikomo chake. Ukikipita, huongezi habari, waongeza ukubwa wa chembe. Mwanafunzi wa lugha aweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Asikiaye silabi "ka" moja tu katikati ya upepo aweza kukamilisha "paka", au "taka", au "weka", kwa kadiri ya alilokuwa akiliwaza. Silabi aliisikia kweli. Neno amelitia mwenyewe.

Namna ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kusema kwamba picha isiyokubaliana na rai ni ya kughushi. Ilianza na picha za Oswald akiwa uani kwake na bunduki mkononi. Oswald mwenyewe alipoonyeshwa picha alidai kwamba si ya kweli, na magazeti yaliongeza shaka kwa kuzigusagusa picha kabla ya kuzichapisha. Jack White alieleza mbele ya Kamati mwaka 1978 kwamba vivuli na vipimo vya mwili havipatani. Lakini alipohojiwa ilionekana kwamba ufundi wa kupima vitu kwa njia ya picha hakuwa ameusoma. Mabingwa wa Kamati hawakuona dalili ya kughushi, na alama za kamera katika hasi moja iliyopatikana zilikuwa za kamera ya Oswald mwenyewe.

Baadaye mashaka yakaifikia filamu ya Zapruder. Katika kitabu The Great Zapruder Film Hoax, kilichohaririwa na James Fetzer na kutoka mwaka 2003, hoja mojawapo ni hii: ukichukua pembe mbili za majengo ya zege katika picha ile ya Polaroid, moja ya mbele na moja ya nyuma, na ukavuta mstari mpaka kwenye kamera, utaona kwamba mpiga picha alikuwa amesimama chini barabarani, wala si juu ya nyasi, na kwa kuwa filamu yamwonyesha juu ya nyasi, filamu ni ya uongo. Josiah Thompson na wenzake walirudi Dallas wakapima upya, wakatumia nakala iliyo safi zaidi, wakaonyesha kwamba pembe hizo hazikutani kama ilivyodaiwa, na kwamba mpiga picha alikuwa kwenye nyasi. Ugomvi mzima ulisimama juu ya upana wa uzi katika picha iliyofifia. Mtu aweza kucheka, lakini asicheke upesi. Pande zote mbili zilikubali kwamba jambo lapimika, na kwamba kipimo chaweza kumkatalia mpimaji. Tofauti ni kwamba upande mmoja, kila ulipokataliwa na picha, uliikana picha nyingine. Na anayeukana ushahidi wake wote mwishowe hana kitu cha kusimamia ila rai yake.

Huyo Thompson alikuwa mwalimu wa falsafa, na kitabu chake Six Seconds in Dallas cha mwaka 1967 ndicho bora katika jamii yake. Life lilimkataza kuchapisha picha za filamu, naye akatumia michoro ya mkono. Gazeti likamshtaki yeye na mchapishaji wake, likashindwa mwaka 1968. Ubora wake ni kwamba anatenga alichokipima na anachokidhani, na msomaji aweza kumfuata hatua kwa hatua mpaka mahali atakapoachana naye. Kati ya picha ya 312 na ya 313 alipima kwamba kichwa cha Rais kilikwenda mbele kidogo kabla ya kwenda nyuma, akasema basi risasi mbili zilikipiga karibu wakati mmoja, moja kutoka nyuma na moja kutoka mbele. Nguzo hiyo ilibeba sehemu kubwa ya kitabu.

Mwaka 2021, baada ya miaka 54, Thompson alitoa kitabu Last Second in Dallas. Humo anaeleza kwamba kipimo kile kilikuwa na kosa. Picha ya 313 imepigwa kamera ikitikisika, na mtikisiko huo umevuta kila kitu chenye mwanga. Alichokipima kama mwendo wa kichwa kilikuwa, kwa sehemu kubwa, mwendo wa kamera. Msomaji halazimiki kukubali maoni mengine ya kitabu hicho, maana mwandishi bado anaamini kwamba palikuwa na mpigaji zaidi ya mmoja, na hoja zake za sauti za risasi zimepingwa na mabingwa tangu mwaka 1982. Lakini kurasa anazolikana neno lake mwenyewe ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika maandishi haya. Aliandika akiwa kijana kwamba ameona. Akaandika akiwa mzee kwamba aliona kwa rai, si kwa macho.

Kwa hiyo haifai kuwagawa waandishi hawa kwa elimu yao, kwa kuwa mabingwa wa serikali walipiga chapa picha kinyume, na mfuga kuku alizifungua karatasi zilizofichwa. Wala haifai kuwagawa kwa hukumu zao juu ya Oswald. Kipimo kinachofaa ni kimoja: je, mwandishi amemwachia msomaji njia ya kumsahihisha? Meagher alimwachia faharasa, na Thompson alimwachia vipimo, hata akaja kuvisahihisha mwenyewe. Wale waliomwachia msomaji mshale na duara tu, wamemwachia macho yao badala ya picha.