Sifa za Fundi Asiye na Pupa

Mafundi wengi husifiwa kwa wanayoyatenda. Fundi wa kufufua mafaili husifiwa zaidi kwa anayokataa kuyatenda. Hapa Kigali, kuanzia maduka ya katikati ya mji hadi Biryogo, ambako Kiswahili husikika kila kona, wa kukupigia window, yaani kukuwekea Windows upya, ni wengi, na kazi yao haichukui muda. Wa kukurudishia picha zilizofungiwa ndani ya kompyuta iliyokufa zamani ni adimu.

Jambo la kwanza analokataa ni kuiwasha mashine ile ati "tuone kwanza". Diski ngumu ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa mwanya wa nanomita chache tu. Chembe moja ya vumbi la kiangazi ni kubwa kuliko mwanya huo mara nyingi. Diski ikianza kugonga, anakata umeme papo hapo. Haifungui mezani, wala haitii kwenye friza kama wajuaji wanavyoshauri. Ikiwa bado inasomeka, huinakili sekta kwa sekta kwa programu kama ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zilizo nzima na kuzirudia zenye ugonjwa mwishoni. Kazi yote inayofuata hufanyika kwenye nakala. Ya asili haiguswi tena.

Kisha huja kufuli. Umeunganisha diski ya zamani kwenye kompyuta mpya, unabofya folda yako mwenyewe, unaambiwa huna ruhusa. Hapo wengi hukata tamaa, wakakubali diski ipigwe formati. Fundi anajua kwamba kufuli ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya umiliki: Windows humtambua mtu kwa namba ndefu ya akaunti yake, kwa hiyo akaunti mpya, hata ikiwa na jina lilelile, huhesabiwa ngeni. Mafaili yenyewe hayajafichwa. Msimamizi wa kompyuta anaweza kuyachukua kuwa yake, au yakasomwa kwa Linux, isiyojali makatazo hayo.

Kufuli ya pili ni usimbaji: safari hii mafaili yenyewe ndiyo yamefichwa. Diski iliyosimbwa kwa BitLocker ya Windows haifunguki bila paswedi yake au ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Hapa ndipo uungwana hupimwa. Tapeli ataomba malipo ya awali na siku kadhaa za "kujaribu". Fundi wa kweli atakuuliza kama ufunguo huo umo katika akaunti yako ya Microsoft, au kama uliwahi kuuchapa kwenye karatasi. Ikiwa haupo, atakurudishia diski yako na kukuambia ukweli.

Kabla ya yote hayo huuliza diski ni ya nani. Rwanda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu Oktoba 2021, lakini adabu hii ni kongwe kuliko sheria. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata njema haisimulii. Hufungua picha mbili tatu mbele yako kuhakikisha zimepona, basi.

Na hapa picha si jambo dogo. Katika jumba la kumbukumbu la Gisozi, lililofunguliwa mwaka 2004, kimo chumba cha picha za watu waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, zilizotolewa na familia zao. Nyumba nyingi ziliporwa na kuchomwa pamoja na albamu zake. Wapo waliobakiwa na picha moja tu ya mzazi, iliyonusurika kwa jamaa wa mbali, ikapigwa skani na kuwekwa kwenye kompyuta. Picha hiyo ikifungiwa ndani, hakuna pa kwenda kuipiga upya.

Basi, wewe mwenye diski kuukuu kabatini, usiiwashe kwa kujaribu bahati, wala usimruhusu mtu aipige formati kabla ya kuinakili. Ukishapata mafaili yako, yaweke mahali pawili, na pamojawapo pawe nje ya nyumba yako. Na fundi akikuambia "hili siliwezi", mlipe kwa muda wake na uhifadhi namba yake ya simu. Huyo ndiye wa kumrudia.