Mafuta ya Mbao: "Kukauka" au "Kuiva"?

Tafsiri nyingi za maelekezo ya useremala husema kwamba mafuta ya kitani yakishapakwa kwenye mbao "yaachwe yakauke". Neno hilo tunaliona kuwa halitoshi, tena lina hatari. Maji hukauka kwa kugeuka mvuke na kutoweka. Mafuta ya kitani hayaendi popote. Huvuta oksijeni ya hewani, yakaongezeka uzito, na molekuli zake zikaungana hata yakawa utando mgumu. Ndiyo maana hutakiwa yapakwe kidogo, yanayobaki juu yafutwe, na mbao ziwekwe penye hewa na joto. Fundi aliyeambiwa "kukauka" tu atapaka mengi, kisha ashangae kuona juu pameshika na chini bado pananata. Hatari kubwa zaidi imo katika matambara: badiliko hilohilo hutoa joto, na matambara yaliyorundikwa yaweza kuwaka moto yenyewe. Yatandazwe nje moja moja, au yalowekwe majini.

"Kuganda" nako hakufai: mafuta ya nazi huganda kwa baridi, yakapashwa moto yakayeyuka tena, ya kitani hayarudi. Tunapendekeza "kuiva", kitenzi ambacho tayari kinabeba muda, joto na badiliko la ndani. "Kukauka" kuachiwe vanishi ya spiriti, ambayo kweli hukauka kwa spiriti yake kuruka.